Njaa ya Jirani na Ghala la Msikiti

(Mada iliyotolewa msikitini baina ya Maghrib na Isha)

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tulipotangaza kuwa darsa ya leo itahusu njaa, mzee wetu mmoja alituuliza kwa mzaha: njaa iko wapi, ilhali Ramadhani hapa tunabakisha pilau? Ni kweli, Ramadhani tunabakisha. Lakini ni nani kati yetu anayejua nyumba ya tatu kutoka kwake ilipika nini jana?

Allah (s.w.), katika Suratul Baqara aya ya 273, ametutajia mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hawa hawaketi mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Tunaswali nao safu moja. Mama huanza kwa kupunguza chakula chake ili watoto washibe. Kisha mlo wa mchana huondoka. Kisha hubaki uji mtupu, na nyumba inaendelea kuhifadhi heshima yake mbele za watu. Tukingoja mpaka jirani apige yowe, hatujaifahamu aya hii.

Wengi hudhani njaa ni kukosekana kwa mvua tu. Mvua ina sehemu yake, hatukatai. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Tanzania, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Na Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto, Njombe na Rukwa ikiwa takriban nusu. Hii ni mikoa inayolisha miji yetu! Basi chakula kinalimwa, kinavunwa, na bado mtoto wa mkulima hapati lishe. Ziko sababu nyingi, kama vile ugali usio na maharage wala maziwa, na mama asiyepata nafasi ya kumlisha mtoto kwa wingi wa kazi za shamba. Ila iko moja inayotuhusu sisi watu wa msikiti moja kwa moja.

Mkulima huvuna akiwa tayari na madeni. Huuza siku zile zile ambazo bei iko chini, na gunia lake hujazwa lumbesa. Ikifika Januari au Februari ghala lake ni tupu, naye hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu, au hukopa: debe moja leo, madebe mawili wakati wa mavuno. Kule Mtwara na Lindi wenye korosho wanaijua kangomba, nayo ni ndugu wa jambo hili. Tuseme wazi, hata kama baadhi ya wenye kukopesha hivyo husimama nyuma ya imamu: debe kwa madebe mawili ni riba. Haigeuki kuwa biashara kwa kuwa kilichokopwa ni nafaka na si fedha. Debe kwa debe ndiyo karadha njema. Na wenye lumbesa warejee Suratul Mutaffifin, waone wenye vipimo viwili wameahidiwa nini.

Katika Suratul Mudathir watu wa Motoni wanaulizwa kilichowatia humo. Jambo la kwanza wanalokiri ni kutoswali, la pili ni kutolisha maskini. La kwanza tunalihubiri kila wiki. La pili tumeliachia Ramadhani.

Iko pia faradhi iliyokufa vijijini kwetu. Zakatul fitri tunaitoa, pishi kwa kila kichwa, lakini zaka ya mazao wengi hata hawaiulizi. Nisabu yake ni wasaq 5, yaani pishi 300, ambazo wanachuoni wengi wa zama hizi wamezikadiria kuwa kama kilo 653. Takriban magunia sita na nusu ya kilo 100. Lililooteshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na la kumwagilia kwa gharama nusu ya hiyo. Aliyevuna magunia 20 kwa mvua, 2 si yake. Wala hayangoji Ramadhani, kwani Suratul An'am aya ya 141 imeamrisha haki hiyo itolewe siku ya mavuno.

Mtume (s.a.w.) aliwasifu Waash'ari, ambao chakula kilipowapungukia walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Kwa mfano huo tunapendekeza msikiti uwe na ghala. Lisijazwe kwa zaka, maana zaka hufikishwa kwa wenyewe bila kucheleweshwa. Lijazwe kwa sadaka za wakati wa mavuno. Anayeweza kulipa akopeshwe debe, arejeshe debe. Asiyeweza apewe. Mahindi yakaushwe barabara na kuwekwa katika mifuko isiyopitisha hewa, kwani mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na sadaka ya nafaka iliyooza si sadaka.

Kamati ya ghala iwe na akina mama. Wao ndio wanaojua jiko lipi halijatoa moshi tangu juzi. Jirani asiye Muislamu asirukwe: Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, alichouliza ni kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Na majina ya wanaopewa yasisomwe mbele ya jamaa wala kubandikwa ukutani. Apelekewe mtu usiku, mlangoni kwake.

Wabillahit-tawfiq.