Tupunguze Unene kwa Ngoma Tunayoipenda

(Hii ni hotuba ya muuguzi wa zahanati kwa wahitimu wa madarasa ya elimu ya watu wazima, katika kijiji kimoja cha Usukuma.)



Mwalimu aliniomba nizungumze nanyi juu ya afya. Nimekubali. Lakini leo nitazungumza juu ya unene, na pia nitazungumza juu ya ngoma. Naona wengine mnacheka. Unene na ngoma wapi na wapi? Nisikilizeni, mtaona vinakutana wapi.

UNENE UMEFIKA KIJIJINI

Zamani tukitaja unene tuliwafikiria watu wa mjini. Siku hizi sivyo. Utafiti wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 22 walikuwa na uzito uliozidi. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wamefika 28. Mjini ni wengi zaidi, lakini vijijini nako wapo.

Mtu ataniuliza: "Sisi ni wakulima. Tunashika jembe. Unene unatoka wapi?" Swali hilo ni zuri. Haya, tuhesabu pamoja. Bibi zetu walitwanga kwa kinu. Sisi tunapeleka mahindi mashineni. Wao walikwenda gulioni kwa miguu. Sisi tunapanda bodaboda. Wao walilima kwa jembe la mkono tangu mvua za kwanza. Wengi wetu sasa tuna plau, na wengine wanakodi trekta. Tena wapo wenye duka, wenye cherehani na wenye kazi za ofisini. Hao hukaa kutwa nzima.

Sisemi turudi kwenye kinu. Mashine ni maendeleo, na yametupunguzia taabu. Nasema hivi: kazi ya mwili imepungua, lakini sahani ya ugali haikupungua. Mafuta ya kukaangia yameongezeka. Sukari imeongezeka. Chupa moja ya soda ya mililita 350, kwa nyingi ya soda hizi, ina sukari ya vijiko vidogo 8 au zaidi. Chakula tusichokifanyia kazi hugeuka mafuta na kukaa mwilini.

Mafuta hayo yakizidi, hasa tumboni, huleta matatizo. Shinikizo la damu hupanda. Kisukari hukaribia. Moyo huchoka. Magoti huuma.

TUJIPIME

Ninyi mmejifunza kusoma na kuhesabu. Basi elimu hiyo tuitumie.

Kipimo cha kwanza ni kamba. Simama wima bila viatu. Mwenzako achukue kamba, akupime kutoka kisigino mpaka utosini, halafu aikate. Ikunje kamba hiyo katikati. Sasa izungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kubana tumbo. Ikizunguka na ncha zikakutana, vizuri. Isipofika, tumbo lako lina mafuta mengi kuliko inavyofaa. Mama mjamzito asitumie kipimo hiki.

Kipimo cha pili ni hesabu. Chukua uzito wako kwa kilo. Gawanya kwa urefu wako kwa mita. Jibu utakalopata, ligawanye tena kwa urefu ule ule. Kwa mfano, mtu ana kilo 82 na urefu wa mita 1.60. 82 ukigawanya kwa 1.60 unapata 51.25. Ukigawanya tena kwa 1.60 unapata 32. Jibu likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likiwa 30 au zaidi, huo ni unene wa kuhatarisha afya. Mizani ipo zahanati. Njooni, kupima ni bure.

HOFU HAITOSHI

Sasa jamani, hapa ndipo penye neno. Kila wiki namwambia mtu: "Punguza uzito, utapata kiharusi." Anaogopa kweli. Anarudi nyumbani, anakula kidogo wiki ya kwanza. Wiki ya pili anasahau. Wiki ya tatu amerudia yale yale. Si kwamba mtu huyo ni mvivu au mjinga. Hofu ni kama moto wa mabua. Huwaka sana, halafu huzimika upesi. Kazi ya kupunguza uzito ni ya miezi mingi, inataka moto wa gogo.

Gogo hilo ni nini? Ni kile kitu unachokipenda kwa moyo wako mwenyewe.

Nitawapa mfano wa mama mmoja. Si wa kijiji hiki, na mwenyewe amekubali nimtaje bila jina. Ana miaka 46 na ana duka. Tangu usichana wake alikuwa mchezaji wa bugobogobo. Ninyi mnaijua ngoma hiyo kuliko mimi. Ni ngoma ya wakulima. Jembe hurushwa juu, huzunguka hewani, hudakwa, na miguu haikosei mdundo. Mnajua pia mashindano yetu Usukuma yalivyo. Bagalu huku, Bagika kule, wote wanacheza kwa wakati mmoja. Watazamaji hukimbilia kwenye ngoma iliyonoga. Wakikuhama, umeshindwa.

Mama huyu alikuwa na kilo 82 na urefu wa mita 1.60. Ndiye yule wa hesabu yetu. Presha yake ilikuwa juu. Alipewa vidonge, akavimeza. Mara tatu aliambiwa apunguze uzito. Mara tatu aliitikia, "Ndiyo, mayu, nimesikia." Mizani haikushuka.

Mwaka huo mavuno yakaisha, ngoma zikaanza. Alikwenda uwanjani na wenzake. Alicheza kidogo tu, pumzi ikamwishia, na goti likamkataa. Wenzake hawakumcheka. Walimheshimu sana, wakamwekea kiti pembeni, wakampa vitenge vyao avishike. Alikaa pale mpaka jioni na vitenge vya watu mapajani.

Siku ya tatu yake alikuja zahanati. Hakuuliza juu ya kiharusi. Aliuliza hivi: "Nifanye nini ili mwakani nirudi mstarini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo dawa ilipoanza kufanya kazi.

ALIFANYA NINI

Kwanza, alianza pole pole. Goti lilikuwa linauma, kwa hiyo hakurukaruka. Alitembea dakika 15 asubuhi kabla ya kufungua duka. Baada ya wiki chache alifika dakika 30. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki, au zaidi. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Utajuaje kama ni ya wastani? Unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Wacheza ngoma mnalijua hilo. Mdundo ukikolea, mchezaji huwaachia waimbaji wimbo.

Pili, goti lilipotulia alichukua jembe. Jioni, uani kwake, mjukuu alimpigia debe naye akacheza. Siku mbili za wiki alikwenda mazoezini na kikundi. Wakati wa kulima ulipofika alirudi shambani na kikundi chake, wakalima kwa zamu mashamba ya wenzao, ngoma ikipigwa.

Tatu, alibadili sahani. Hakujishindisha njaa. Anayejishindisha njaa mchana hula mara mbili usiku. Sahani yake aliigawa hivi: nusu mboga za majani, robo ugali, na robo dagaa, samaki, maharage au kunde. Mboga alizipata hapa hapa: mchicha, matembele, nsansa. Mafuta alipima kwa kijiko, hakumimina kutoka kwenye chupa. Soda aliiacha dukani iuzwe. Kwenye chai alitoka vijiko vitatu vya sukari akafika kimoja. Na michembe? Aliendelea kula, lakini alipokula michembe alipunguza ugali, kwa sababu michembe nayo ni chakula.

Nne, aliandika. Alikuwa na daftari lake la kisomo. Kila Jumamosi aliandika uzito wake na siku alizocheza. Zipo wiki ambazo uzito haukushuka. Mwezi wa msiba wa shemeji yake ulipanda kilo moja na nusu. Hakukata tamaa, maana hakuwa anaihesabia mizani peke yake. Alihesabu pia amecheza nyimbo ngapi kabla ya kukaa chini. Kwanza ilikuwa wimbo mmoja. Baadaye miwili. Baadaye minne.

Baada ya miezi 10 alikuwa na kilo 73. Fanyeni hesabu: jibu ni 28 na nusu. Kwa kipimo chetu uzito wake bado umezidi. Vidonge vya presha bado anameza. Lakini presha yake imetulia, na goti linambeba. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2005, juu ya wazee wanene wenye magoti mabovu, ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Yeye alipunguza kilo 9. Basi goti lake limetuliwa kilo 36 kila anapokanyaga. Huo ni karibu ujazo wa ndoo mbili kubwa za maji.

Na mwaka uliofuata vitenge vilishikwa na mtu mwingine.

KWA NINI NGOMA ILIMSAIDIA

Sababu ni tatu. Ya kwanza, hamu. Kitu unachokipenda hukuita mwenyewe, husubiri kusukumwa. Ya pili, wenzako. Usipofika mazoezini, watakuja kukuuliza mlangoni. Ya tatu, siku. Ngoma ina siku yake. Mavuno yakiisha itachezwa, uwe tayari usiwe tayari.

Mwingine atasema, "Mimi si mchezaji ngoma." Sawa. Jiulize: napenda nini? Kama ni mpira, kuna timu za wazee. Kama ni netiboli, akina mama chongeni magoli. Kama ni baiskeli, acheni bodaboda siku ya gulio. Na anayependa bao? Bao huchezwa kwa kukaa, sivyo? Basi achague wapinzani wa kitongoji cha mbali, aende na kurudi kwa miguu. Mpenda kwaya afanye vivyo hivyo. Kila kitu unachokipenda kina njia ya kukuinua kutoka kitini.

MANENO YA WATU

Nisiwafiche. Mama yule alisemwa sana. Kwetu mtu mnene husemwa anatunzwa. Akipungua, watu huanza kunong'ona: "Ana ugonjwa ule." Wengine walimwendea mume wake wakamuuliza kama nyumbani kuna njaa. Mzee yule aliwajibu kuwa chakula kipo, ila mke wake ana ngoma. Tuache tabia hii ya kunong'ona. Inawarudisha nyuma watu wanaotafuta afya. Na sisi waume na wake, tuwaunge mkono wenzetu. Anayepika vyungu viwili, kimoja cha mwenye kupunguza uzito na kingine cha wengine, atachoka. Chakula kile kile bora kinawafaa wote nyumbani.

TAHADHARI

Nataka mshike mambo manne.

1. Ukipungua uzito bila kukusudia, hiyo si afya. Yaweza kuwa kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine. Njoo upimwe.

2. Kama unameza vidonge vya presha au kisukari, usiviache kwa sababu umepungua. Mganga ndiye atakayesema.

3. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu wakati wa mazoezi, acha mara moja uje hospitali.

4. Usinunue dawa za kupunguza unene zinazotembezwa minadani. Mjamzito naye asijipunguze uzito. Aje kliniki ashauriwe.

Ndugu zangu, huhitaji kupunguza kilo 30 ndipo upone. Mwenye kilo 82 akipunguza kilo 4 au 5 tu, presha na sukari huanza kupata nafuu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hiki chetu tunakipunguza, lakini ni kwa haba na haba vile vile.

Nawaombeni leo mkifika nyumbani fungueni madaftari. Andikeni uzito, au urefu wa kamba ya kiuno. Chini yake andikeni kitu kimoja mnachokipenda na ambacho mwili umeanza kuwanyima. Hicho ndicho muanze nacho kesho.



MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ni kazi gani za mwili zimepungua katika kijiji chetu?
2. Mtu mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.55, je, uzito wake umezidi?
3. Kwa nini mama yule hakupungua alipoambiwa mara tatu?
4. Kikundi chetu kinaweza kuanzisha mchezo au ngoma gani, na siku zipi?