Walinzi wa Msitu Wao

Leo twende Babati, Tanzania, penye msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji wakahofu: kuni, dawa na malisho tutapata wapi? Mwisho ikakubaliwa waulinde wenyewe. Kuanzia mwaka 1994, vijiji vinane vikatunga sheria ndogo: kuokota kuni kavu ruhusa, kuchoma mkaa marufuku. Wakachagua walinzi. Hao hawakulipwa mshahara. Walisamehewa kazi nyingine za kijiji. Ukataji ovyo ukapungua. Kwa nini? Mlinzi wa cha mwenzake husinzia. Mlinzi wa chake hukesha. Je, msitu wa kwenu unalindwa na nani? Andika jibu katika daftari lako.