Waliokataa Kodi: Swali Lililosahaulika Kutoka Milima ya Bayira

Mhadhara niliouandaa nimeuweka kando. Mwanahistoria mwenzangu aliniambia hivi karibuni kwamba wakulima wa Kongo waliopinga kodi walikuwa wakililia tumbo tu, na kwamba siasa ilianza pale wasomi wa Léopoldville walipotoa ilani yao mwaka 1956. Habari za ghasia za Januari 1959 na za mazungumzo ya uhuru ya Meza ya Duara ya Brussels mnazijua, sizirudii. Ninashughulika na tumbo hilo.

Kodi ile ilikuwa kitu gani? Tangu 1910 Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, ilitaka fedha, na mkulima wa milimani alikuwa na maharage, ndizi na mbuzi. Franga zilikuwa machimboni kwa Minière des Grands Lacs, au kwenye mashamba ya kahawa ya wazungu, au katika mazao ya lazima ambayo bei yake ilipangwa na mwingine. Kodi ilijaza sanduku la Leta, lakini zaidi ya hapo iliwang'oa wanaume vijijini. Aliyeikataa alikataa kuamuliwa atalala wapi na atamtumikia nani. Kama hiyo siyo siasa, basi neno siasa tulitupe.

Leta yenyewe ililielewa jambo hili kuliko mwenzangu. Mwaka 1931 bei ya mawese ilianguka, kodi ikabaki palepale. Wapende wa Kwilu wakagoma, ofisa Balot akauawa, na askari wakaua mamia. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa ajili ya vita, na mwaka 1944 Bushiri akawainua watu wa Masisi na Lubutu kwa mafundisho ya vuguvugu la kidini la Kitawala. Wafuasi wa Kitawala walihamishwa mbali na kwao, wengine na familia zao. Serikali haimhamishi mtu kwa sababu ana njaa.

Ninacho kitambulisho cha babu yangu, kijitabu alichopaswa kukibeba kila aendako. Pembe zake zimeliwa na mende, kurasa mbili zimegandana kwa jasho, na kila mwaka una muhuri wake wa kodi wa zambarau. Muhuri wa 1944 umepigwa kichwa chini. Bibi alinisimulia kwamba mwaka huo babu alilala siku nne migombani, kapita, nyapara wa kijiji, akaja akafungua mbuzi wawili, na babu alipojitokeza karani akaugonga muhuri kwa hasira bila kuutazama. Nimeisoma alama hiyo mara nyingi kuliko hati yoyote iliyoandikwa Brussels, na kila mara naona watu wawili wanaojua vizuri wanagombania nini.

Ng'ambo ya Mto Semliki, upande wa Uganda, kuna ushahidi ambao wenzetu huuruka kwa sababu mpaka umepita katikati. Ndugu zetu Wakonzo, Bayira kama sisi, waliinuka mwaka 1919 kuupinga utawala wa ufalme wa Toro na kodi zake. Viongozi wao, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walinyongwa mwaka 1921. Miaka ya 1950 Isaya Mukirania alianzisha chama cha kukusanya historia ya Wakonzo, na wazee walipoulizwa waliyoyaona, walisimulia habari za watu hao watatu. Kufikia 1962 kazi hiyo ya kukusanya simulizi ilikuwa imezaa Rwenzururu, vuguvugu la watu waliodai kujitawala. Nionyesheni ilani ya msomi iliyofanya kazi kubwa kuliko simulizi hizo.

Nakubali kwamba Wapende hawakuwa na ramani ya Kongo huru vichwani mwao. Nakubali pia kwamba bila CEREA, chama cha Kashamura kilichozaliwa Bukavu mwaka 1958, sauti ya Kivu isingefika mbali. Lakini mwaka 1959, watu wa chama cha ABAKO walipotaka kuibana serikali kule Bas-Congo, waliacha kulipa kodi. Silaha hiyo hawakufundishwa darasani. Ilikuwa mikononi mwa wanakijiji kwa miaka 40 na zaidi.

Mihuri ya babu inaishia 1959. Kijitabu hakukichoma kama majirani walivyofanya. Alikiweka sandukuni pamoja na nguo za kanisani, na bibi alipomwuliza sababu alisema huenda mtu akaja kukiulizia.