Amani ya Jirani ni Usalama Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani)





Mara nyingi tukitaja usalama wa nchi yetu na wa jirani zetu, twasikia jibu moja: hayo ni mambo ya serikali na majeshi, sisi raia tusali tu. Kusali ni wajibu wetu wa kwanza. Lakini jibu hilo halitoshi, na leo twataka kulionyesha jambo hili kwa mfano wa jirani yetu wa kusini, Msumbiji.

Nchi hiyo haiko mbali nasi. FRELIMO iliundwa hapa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969, huko Oysterbay, katika Kinondoni hii hii. Hapa Temeke wapo miongoni mwetu walio na ndugu ng'ambo ya Mto Ruvuma. Kilio cha huko hufika kwetu.

Waliozungumza bila kuwa na jeshi

Baada ya uhuru wa mwaka 1975, Msumbiji iliingia katika vita baina ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, waliosaidiwa kwanza na utawala wa Rhodesia, kisha na makaburu wa Afrika Kusini. Vita hivyo vilidumu miaka ipatayo 16, na yakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikufa kwa risasi, njaa na maradhi. Serikali iliwaita waasi majambazi, na jambazi hapewi kiti mezani. Nani basi angeanza kusema?

Mwaka 1988 Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alisafiri mpaka msituni kumwona kiongozi wa RENAMO, Afonso Dhlakama. Wote wawili walikuwa Wandau. Walikutana kama watu wa nyumba moja. Mwaka 1989 viongozi wa Kanisa Katoliki na wa makanisa mengine, akiwamo Askofu Dinis Sengulane wa Kianglikana, walionana na wajumbe wa RENAMO jijini Nairobi.

Julai 1990 mazungumzo yalianza Roma, katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei kilichoanzishwa mwaka 1968 na kijana mwanafunzi, Andrea Riccardi. Wapatanishi walikuwa wanne: Riccardi mwenyewe, Padre Matteo Zuppi, Askofu Mkuu Gonçalves, na Mario Raffaelli, mwanasiasa wa Italia. Ilichukua miezi 27. Tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, Rais Joaquim Chissano na Dhlakama walitia sahihi.

Watu hawa hawakuwa na bunduki ya kumtisha mtu. Nguvu yao ilikuwa kuaminiwa na pande zote mbili, kwa kuwa hawakutafuta cheo. Tena walikuwa na subira ya kusikiliza. Hata hivyo tusiwanyime wengine haki yao: serikali za jirani zilisaidia, na Umoja wa Mataifa ulileta askari wa kusimamia mapatano. Raia aweza kuufungua mlango uliofungwa; dola ina wajibu wa kuulinda usifungwe tena.

Wala kazi haikuishia kwenye sahihi. Tangu mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji liliwaalika wananchi kusalimisha silaha, nao wakapewa majembe, baiskeli na cherehani. Ndoto ya nabii Isaya ilionekana kwa macho.

Amani huchakaa isipotunzwa

Tusidanganyane kwamba yote yalikwisha. Kuanzia mwaka 2013 mapigano yalirudi, mpaka mapatano mapya ya Agosti 2019. Na Oktoba 2017 moto mwingine uliwaka Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia. Mamia ya maelfu ya watu wakayakimbia makazi yao. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Miongoni mwa wapiganaji wa vita hiyo wametajwa vijana wa Kitanzania. Hapo ndipo jambo hili linapoingia nyumbani mwetu: kijana anayekosa kazi, asiyesikilizwa na mtu, aweza kuwa anaishi mtaani kwetu.

Wajibu wetu hapa

Hatutumwi Roma wala msituni. Twatumwa kwa jirani. Oktoba 2012, hapa Mbagala, ugomvi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia makanisa kushambuliwa. Wakati ule tuliulizana: nani atakwenda kuzungumza na nani? Paroko na sheikh ambao hawajapata kunywa kahawa pamoja hawawezi kuzima moto siku unapowaka. Urafiki hujengwa kabla ya ugomvi, si baada yake.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kamati ya haki na amani itafute wazee wa msikiti ulio jirani, wafahamiane kwa majina. Pili, tuache kumwita mgeni au mkimbizi kwa majina ya dharau. Aliyeitwa jambazi miaka mingi ndiye aliyekuja kutia sahihi ya amani. Tatu, tuwape vijana kiti katika vikao vyetu, tuwasikilize kabla wengine hawajawasikiliza.

Papa Yohane wa XXIII, katika waraka wake wa amani wa mwaka 1963, aliwaandikia watu wote wenye mapenzi mema, wala si wakuu wa nchi peke yao. Sisi nasi tumo katika anwani ile. Mungu atujalie kuitika.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni nani mtaani kwetu ambao hatusemi nao, na kwa sababu gani?
2. Ugomvi ukizuka kesho, nani anaaminiwa na pande zote?
3. Vijana wetu wanamweleza nani shida zao?