Ufito Mmoja Hauvui Kila Maji
Maandishi ya mazungumzo na wanunuzi wa zana za uvuvi wa burudani



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Leo naomba ruhusa ya kutofautiana nao kidogo. Katika uvuvi wa ufito, asiyechagua chombo chake hurudi nyumbani mikono mitupu, na mara nyingine hurudi na vipande viwili vya kitu alichokilipia kikiwa kimoja.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nilipopokea mshahara wangu wa kwanza, nilitaka kumnunulia mjomba wangu zawadi. Mjomba anaishi Kilifi, na tangu utoto wangu nimemwona akivua kwa mshipi wa mkono juu ya majabali, vidole vyake vikiwa na makovu ya mshipi huo. Niliingia dukani, nikauona ufito mweusi unaong'aa, mwepesi kama unyoya, nikalipa nikaondoka. Sikumweleza muuzaji utatumika wapi. Sikudai risiti. Jumamosi iliyofuata mjomba alifunga chubwi lake la kila siku, la gramu 120, akautupa mshipi baharini, na ufito ukavunjika juu kidogo ya mpini. Maandishi madogo yaliyokuwa hapo yalisema: gramu 10 hadi 30. Niliporudi dukani niliambiwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mjomba hakunilaumu, aliurudia mshipi wake wa mkono, na makovu yake.

Maandishi hayo madogo ndiyo kiini cha mazungumzo yangu. Karibu kila ufito uliotengenezwa kwa uangalifu huandikwa mambo matatu juu ya mpini: urefu wake, uzito wa chambo au chubwi unaoweza kurushwa, na nguvu ya mshipi unaoufaa. Urefu huandikwa kwa futi au mita; nguvu ya mshipi mara nyingi huandikwa kwa paundi, na paundi moja ni takriban gramu 450. Ufito usio na maandishi yoyote haukuambii unaweza kazi gani, na mnunuzi hana budi kuutilia shaka hata kama bei yake inavutia.

Yapo pia mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. La kwanza ni nguvu, yaani uzito ambao ufito unaweza kuuhimili. La pili ni mpindo, yaani mahali ambapo ufito huanza kujikunja unapovutwa. Ufito unaojikunja nchani pekee hurusha kwa shabaha na humjulisha mvuvi mapema kwamba samaki amegusa chambo. Ule unaojikunja hadi karibu na mpini huwa mpole: humeza mishtuko ya samaki anayepapatika, na huuepusha mshipi mwembamba kukatika.

Sasa tuzitazame namna za uvuvi zilizopo nchini Kenya, kwa kuwa kila moja ina ufito wake.

Katika mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare anaishi trauti, samaki aliyeletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Huyu huvuliwa kwa nzi wa bandia, ambaye ni mwepesi kiasi kwamba hawezi kurushwa kwa uzito wake. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ulio mnene na wenye uzito maalumu. Kwa hiyo ufito huu hupewa namba inayolingana na namba ya mshipi, na namba 4 hadi 6 hutosha kwa trauti. Urefu wa futi 8 hadi 9 ni wa kawaida, ingawa kwenye vijito vilivyofunikwa na miti ufito mfupi zaidi hufaa. Ukinunua ufito wa namba 5 na mshipi wa namba 8, umenunua vitu viwili visivyoelewana.

Katika maziwa na mabwawa, kwa ngege na kambare wadogo, ufito mwepesi wa futi 6 hadi 7 unatosha. Lakini anayemwinda sangara wa Ziwa Viktoria asidanganyike na utulivu wa maji: samaki huyo anaweza kupita kilo 100, na anahitaji ufito mzito wenye mpini imara.

Ufukweni na juu ya majabali, mvuvi hutafuta umbali. Chubwi lazima livuke mawimbi na kutua penye kina. Hapa ndipo ufito wa futi 10 hadi 14 unapofaa, ulioandikwa uwezo wa kurusha gramu 100 hadi 200. Huu ndio niliopaswa kumnunulia mjomba.

Ndani ya boti mambo hugeuka. Katika maji ya Watamu, Malindi na Shimoni, sulisuli, jodari na nguru huvuliwa kwa kukokota chambo nyuma ya boti. Harushi mtu hapa. Kazi ni kushindana na samaki. Ufito huwa mfupi, futi 5 na nusu hadi 7, nao hupangwa kwa nguvu ya mshipi: paundi 30, 50 au 80. Ufito mrefu ndani ya boti humchosha mvuvi, kwani kadiri unavyorefuka ndivyo samaki anavyopata nafasi zaidi ya kumvuta.

Kuhusu malighafi, nitasema kwa ufupi. Nyuzi za kioo ni nzito, zinastahimili kugongwa na bei yake ni nafuu. Zinamfaa anayeanza, na watoto. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na zina hisia kali, lakini ufa mdogo tu unaweza kuuvunja ufito. Tena kaboni hupitisha umeme. Usiuinue ufito huo chini ya nyaya za umeme, wala usivue nao kukiwa na radi. Onyo hili linahusu maisha. Fedha zilizopotea zinaweza kutafutwa tena.

Kabla hujalipa, fanya uchunguzi palepale dukani. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya mshipi. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa na itakata mshipi. Unganisha vipande na uvitikise. Visilegee wala kutoa mlio. Tazama kama pete zote zimenyooka katika mstari mmoja. Funga gurudumu la kukunjia mshipi na uhakikishe linakaa imara.

Mwisho, mweleze muuzaji unakwenda kuvua nini, wapi, na kwa chambo cha uzito gani. Wengi hudhani hayo ni maongezi ya kupitisha wakati. La hasha. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mnunuzi anapomjulisha mfanyabiashara wa bidhaa hizo kazi anayoikusudia, na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 nacho kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na maelezo ya kumwezesha kunufaika nazo. Tangazo la ukutani kwamba bidhaa hairudishwi haliifuti haki hiyo.

Hata hivyo, haki huhitaji ushahidi. Mimi sikuwa nimetaja kazi, sikuwa na risiti, na nilikuwa nimepuuza maandishi yaliyokuwa mbele ya macho yangu. Malalamiko yangu yasingesimama. Omba risiti inayotaja aina ya ufito na, ikiwezekana, matumizi yake. Itunze pamoja na hati ya dhamana.

Mjomba sasa ana ufito wa futi 12. Safari hii tulikwenda dukani pamoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyemweleza muuzaji. Nilichofanya mimi ni kusoma maandishi ya mpini kwa sauti, kisha nikaipokea risiti.