Nchi Jirani: Jua Halitangazi Tetemeko

Wapo wanaodai kuwa madoa ya jua huashiria tetemeko la ardhi. Dai hilo halijathibitishwa. Februari 3, 2008, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilibomoa majengo na kuua watu Bukavu, nchini Kongo, na Rusizi, nchini Rwanda. Mwaka huo jua lilikuwa limetulia mno, likikamilisha mzunguko wake wa miaka 11 hivi. Chanzo kilikuwa ardhini, katika Bonde la Ufa linaloendelea kupanuka. Anayetegemea jua hukimbia bure linapochafuka, na hubweteka linapotulia. Tetemeko halibishi hodi. Basi wajibu wa wanajeshi na polisi ni kuzima uvumi, kuweka machela na sepetu tayari, na kuyajua mapema majengo yaliyo dhaifu.