Flashi ya kamera ya shirika: lini tuiwashe, lini tuizime

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Tuliposema leo tutazungumza juu ya kamera, wengine walicheka. Walisema: "Mihogo inaoza shambani, barabara imekatika, na komite inatuletea mambo ya foto?" Haya, muwe na subira kidogo. Tutawaambia mambo mawili yaliyotupata, kisha mtaamua wenyewe kama tunapoteza saa.

La kwanza ni lile la mbuzi. Mnakumbuka tuligawa mbuzi kwa wamama wajane 12. Tuliwapanga ndani ya nyumba ya mikutano, mlango uko wazi nyuma yao, tukapiga picha, tukatuma pamoja na raporo. Wafadhili wakajibu kwa heshima: "Mbuzi tunawaona, lakini wamama ni nani?" Tukaangalia vizuri. Kweli, mlango ulikuwa mweupe pe, na wamama wote wamekuwa vivuli. Hata sisi wenyewe hatukuweza kusema huyu ni fulani. Barua ile ikajulikana mtaani, na maneno yakaanza: komite imekula mbuzi! Ilibidi wamama waje kwenye biro mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Mmoja alishuka toka mlimani na mbuzi wake kwa kamba, mguu unamuuma, ili tu watu waamini. Hiyo aibu haikuwa yake, ilikuwa yetu.

La pili ni zito zaidi. Mama mmoja mzee wa shirika alifariki. Watoto wake wawili wangali ng'ambo, kambi ya Nyarugusu, hawakuweza kuvuka ziwa kuja kuzika. Wakaomba picha ya mama yao. Tulikuwa nayo moja tu, tuliyompiga usiku kwa karibu sana, flashi imewaka mbele ya macho. Kitambaa cha kichwa kinaonekana, masikio yanaonekana, lakini uso umeungua kwa mwanga, mweupe kama unga. Tuliwatumia hiyo hiyo. Wakasema asante. Sisi tuliona haya.

Kamera haikuwa na kosa. Sisi njo hatukujua kuitumia. Kwa hiyo tusikilizane.

Flashi inafika wapi?

Flashi ya kamera ndogo kama yetu inafika karibu metre 3, ikizidi sana 4. Mbele ya hapo ni giza. Mwanga wake unapungua haraka: mtu akisimama mara mbili mbali zaidi, hapati nusu ya mwanga, anapata robo tu. Ndiyo maana kwenye mkutano mkubwa walio mstari wa kwanza wanang'aa na walio nyuma wanapotea. Kuwapiga watu 100 gizani kwa flashi ni sawa na kutaka kumulika ziwa lote kwa tochi ya mvuvi mmoja. Basi wagawe katika vikundi vidogo, watu 5 au 6, wasimame mstari mmoja, wote umbali sawa.

Na ukivuta kwa zumu, flashi inafika karibu zaidi, haifiki mbali zaidi, kwa sababu lenzi iliyovutwa inaingiza mwanga kidogo. Tembea kwa miguu, umsogelee mtu, acha zumu.

Lakini pia usimkaribie mno. Chini ya metre moja uso unaungua, kama tulivyomfanyia yule mama. Hatua mbili kubwa kutoka kwa mtu, hapo ni pazuri.

Alama za flashi

Kwenye kitufe cha flashi mtaona alama ya radi. Radi yenye herufi A ni kusema kamera inaamua yenyewe. Radi peke yake ni kusema flashi itawaka kila mara, hata mchana. Radi iliyokatwa na mstari ni kusema imezimwa. Na jicho ni la kupunguza macho mekundu.

Wengi wetu tunaacha ile ya A siku zote. Hapo njo tatizo la mbuzi lilipoanzia. Kamera iliona mwanga mwingi wa mlango, ikafikiri: "Mwanga uko wa kutosha," ikaacha flashi na ikafanya picha nzima iwe nyeusi ili mlango usizidi. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, geuza watu: wao waangalie mlango, wewe uwe na mlango mgongoni. Ya pili, kama hawawezi kugeuka, weka radi peke yake, flashi iwake kwa nguvu hata kama ni saa sita mchana.

Hapa Baraka tufikirie jua letu. Asubuhi linatoka upande wa ziwa, jioni linaingia nyuma ya milima. Ukimpiga mvuvi asubuhi na ziwa nyuma yake, atakuwa kivuli. Washa flashi, au ngoja alasiri. Saa sita, jua likiwa juu ya kichwa, kofia na kitambaa vinatia macho gizani. Flashi kidogo ya karibu inayafungua macho hayo.

Macho mekundu si uchawi, wandugu. Gizani mboni imefunguka sana, mwanga unaingia mpaka nyuma ya jicho penye damu na kurudi kwenye kamera. Ukiweka alama ya jicho, taa inawaka kwanza ili mboni ijifunge, kisha flashi yenyewe inapiga. Kwa hiyo waambie watu: "Hapana kusogea mpaka mwanga wa mwisho." Wengi wanaondoka kwa mwanga wa kwanza, na picha inatoka na migongo.

Karatasi na vitambulisho: zima flashi

Shirika linapiga picha za karte ya uchaguzi, jeton, karatasi za shamba. Hizi ni uhai wa mtu. Tuliorudi kutoka Tanzania tunajua maana ya kupoteza karatasi: unaweza kufika kwenye shamba la baba yako na kuulizwa wewe ni nani. Karte iliyofunikwa na plastiki ukiipiga kwa flashi, inatoka doa jeupe juu ya jina, na picha haina faida tena. Fanya hivi: zima flashi, weka alama ya ua, ambayo ni ya vitu vya karibu, ilaze karte mezani karibu na mlango pasipo jua kali, na usiegemee juu yake ukaitia kivuli. Kisha soma picha palepale kwenye kioo, kila herufi. Kama haisomeki, rudia kabla mwenyewe hajaenda zake.

Gurudumu la juu

Juu ya kamera iko gurudumu la namna za kupiga. Kichwa cha mtu ni kwa picha ya mtu mmoja. Milima ni kwa shamba, daraja, barabara iliyokatika. Mtu anayekimbia ni kwa watoto na mpira, inakamata mwendo, lakini inataka mwanga wa mchana. Mtu mwenye nyota ni kwa usiku: flashi inamulika watu, halafu kamera inabaki wazi kidogo ili taa na moto vya nyuma navyo vionekane. Kwa hiyo mkono ukitetemeka, yote inaharibika. Weka kamera juu ya meza au ukuta, tumia saa ya kujipiga ya sekunde 2, na watu wasimame kama miti.

Herufi P inakuachia uamuzi kidogo. Ndani yake iko kipimo cha kuongeza na kupunguza. Kamera haijui rangi ya mtu. Inataka kila kitu kiwe katikati, si cheupe sana wala cheusi sana. Ukitupiga mbele ya ukuta wa chokaa au turubai jeupe, inapunguza mwanga, na nyuso zetu zinaingia gizani. Ongeza mpaka +1, halafu angalia. Nyuso zitarudi.

Kabla ya kubonyeza kabisa, bonyeza nusu kwanza, kamera ilenge, isimame, halafu maliza. Angalia kidole kisifunike flashi. Kwenye mvua au vumbi zima flashi, maana kila tone litakuwa duara jeupe. Flashi inakula betri, kwa hiyo mwenye zamu apeleke kuchaji siku moja mbele. Na betri zikitoka siku nyingi, kamera inasahau tarehe. Irekebishe, kwa sababu picha ya mabati yenye tarehe ya uongo inaleta maneno kama yale ya mbuzi.

Neno la mwisho

Flashi ni mwanga wa ghafla. Kati yetu wako watu waliokimbia usiku mwaka 1996 na miaka iliyofuata, na mwanga wa ghafla gizani kwao si mwanga tu. Tumeona mama ameficha mtoto chini ya kitenge kwa flashi yetu. Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Hakuna flashi usiku bila kusema kwanza na kungoja jibu. Mtu akikataa picha, msaada wake haupungui hata kidogo. Mgonjwa hapigwi kitandani. Askari, kambi yao na vizuizi vya barabarani havipigwi kabisa. Kijana asije akafungwa kwa ajili ya raporo.

Kwenu wafadhili, tunaomba mtuelewe: mara nyingine mtapata picha chache, au picha ya mkono unaoshika kamba ya mbuzi bila uso. Mjue mwenye mkono huo alisema hapana kwa uso, na jina lake liko kwenye daftari pamoja na kidole chake. Hiyo nayo ni hesabu safi.

Na kwetu wanachama: kuanzia mwezi ujao kila mzee wa shirika atapigwa picha moja nzuri, mchana, chini ya mti, metre 2, bila haraka. Moja itabaki kwenye biro, moja atapewa yeye mwenyewe. Hatutaki tena watoto walio ng'ambo watuombe sura ya mama yao, na sisi tuwatumie kitambaa na masikio.

Kamera iko kwa sekretere. Jumamosi mje kujaribu, kila mtu kwa mkono wake.